Kiwiko cha Daraja la Lukwira

Hapo kale, mji wetu ulipokuwa bado vijiji viwili vinavyotazamana, mto Lukwira haukuwa na daraja. Kilole ilikuwa ng'ambo hii, Matopeni ng'ambo ile, na watu walioana, wakazikana na kununiana kwa mitumbwi. Masika yakiingia mto ulifura, mitumbwi ikafungwa, kila mtu akabaki na lake.

Bi Somoe wa Kilole alikuwa mjane na mkunga, na binti yake Asumini aliolewa Matopeni. Uchungu wa mimba ya kwanza ulimshika Asumini mto umefura. Mama alisimama ukingoni na kifurushi chake cha dawa, asiweze kuvuka. Mtoto hakupona. Somoe alilia hadi machozi yakakauka, kisha akaapa kwamba mimba ya pili haitamkuta ng'ambo isiyofaa.

Aliwasumbua wazee wa pande zote mbili mpaka wakakubali kujenga. Lakini fahari wawili hawakai zizi moja. Kila kijiji kilianzia kwenye kivuko chake, na hakuna aliyejishusha kumuuliza mwenzake kaanzia wapi. Walipofika katikati ya mto, wakakuta wamepishana: ncha ya Kilole upande wa juu wa mto, ya Matopeni upande wa chini, na maji yanapita katikati. "Wabomoe wao," walisema Kilole. Matopeni nao wakasema hivyo hivyo. Wakaketi wakanuna, na mawingu yakaanza kukusanyika.

Asumini alikuwa katika mwezi wa tisa wa mimba yake ya pili. Safari hii Somoe hakumbembeleza mtu. Aling'oa mlango wa nyumba yake na maboriti ya paa, akayabeba kichwani hadi kwenye ncha, akaanza kuyalaza kuelekea ncha ya pili.

"Bi Somoe," alisema Mzee Likoko, mkuu wa Kilole, "daraja likipinda tutachekwa."

"Na wacheke, mzee wangu. Mwanangu anajifungulia kule. Hebu nishikie hapa."

Likoko akashika. Watu wa Matopeni, walipoona nyumba ya mjane inageuzwa daraja, nao wakaona haya, wakaja na nguzo zao. Mvua ilianguka kamba za mwisho zikikazwa. Somoe akavuka, na kulipokucha akampokea mjukuu wake kwa mikono yake mwenyewe, mzima, analia kwa nguvu.

Na tangu siku hiyo daraja la Lukwira lina kiwiko katikati. Limejengwa upya kwa mawe, kisha kwa chuma na zege, na kila mara mafundi walipotaka kulinyoosha, wenyeji walikataa katakata. Ukifika kwenye kiwiko hicho, hata gari lako liwe la mkubwa gani, mwenye mimba hupita kwanza, na hakuna anayemuuliza anatoka ng'ambo ipi.