Siku Simba Alipotangaza Habari Mwenyewe

Hapo zamani za kale, kale hasa, enzi kobe bado anatafuta fundi wa kumjengea nyumba mgongoni, aliishi Kindi mpiga mbiu. Tulieni, watoto. Kisa hiki nakijua kuliko hata waliokuwepo.

Mto wao ulikuwa na vivuko viwili, cha juu na cha chini. Kila siku Simba alijificha penye kimojawapo, akingoja wenye kiu. Na kila asubuhi Kindi alimchungulia, akapanda mti, akagonga debe lake, ngo ngo ngo: "Jamani, leo yuko juu! Nendeni cha chini!"

Simba akakonda mpaka mbavu zikahesabika. Akapiga marufuku: atakayetangaza alipo mfalme, ataliwa. Fisi akapewa kazi ya kumsaka Kindi, na juzi alimkosakosa. Aliambulia nusu ya mkia.

"Baba Njugu," mkewe Kindi alisema akimfunga kitambaa, "mkia umekwenda. Sasa unangojea kichwa?"

"Kichwa kiko mbali na mkia, mke wangu."

"Mimi sicheki."

Kindi naye hakuwa akicheka. Moyo ulimdunda kama kinu cha harusi. "Lakini yule jirani yetu swala, Mama Pala, hainjiki chungu mpaka asikie debe langu," alisema. "Nikinyamaza, wanawe watakwenda mtoni kwa kubahatisha."

Akatoka. Akamwona Simba kalala kivuko cha juu. Akageuka kuukimbilia mti wake, na hapo hapo Fisi, nyaku, akamdaka shingo.

Simba akamkandamiza kwa kiganja. "Wewe nusu mkia. Wanakulipa nini?"

"Karanga, mheshimiwa. Wakizikosa, asante tu."

"Unataka kufa kwa karanga?"

"Kufa sitaki hata kidogo. Ila habari nikiijua peke yangu, tumbo zima linaniwasha. Tena kuna watu wamesimama mlangoni na ndoo tupu, wananisikilizia mimi."

"Leo watasikiliza kimya."

Kindi akamfikiria Mama Pala na zile ndoo. Akajikohoza. "Shida ni kwamba nimeshatangaza, mheshimiwa. Fisi kachelewa. Kila mtu anajua uko hapa juu."

Uongo mtupu! Debe lilikuwa halijaguswa. Simba akamgeukia Fisi. Fisi akarudi nyuma hatua moja.

"Basi kanusha," Simba akanguruma kidogo.

"Mimi? Sauti itanitetemeka, watajua nimekamatwa. Kanusha mwenyewe. Sauti ya mfalme nani ataibishia?"

"Kweli kabisa, mheshimiwa," Fisi akadakia, akishukuru kukwepa kesi.

Sasa, Simba hawezi kunguruma vizuri akiwa amejikunja. Alisimama, akakita miguu yote minne chini, akajaza kifua. Kindi, kiganja kilipomwachia, puruuu, akateleza mpaka mtini.

"NGRRRUUUM! MIMI SIPO KIVUKO CHA JUU!"

Majani ya kivuko cha juu yakapukutika. Ndege wa kivuko cha juu wakaruka wote kwa pamoja. Kule kijijini Mama Pala akageuzia sikio moja huko ngurumo ilikotoka, akabeba ndoo.

"Wanangu, leo ni cha chini."

Wakamfuata wote, wakanywa mpaka matumbo yakalia pwata pwata.

Huku juu Fisi alikuwa anajikuna sikio. "Mheshimiwa, kwani ulikuwa umesimama wapi ulipokuwa unasema hupo?"

Simba akatazama chini ya miguu yake.

"Shikamoo, mpiga mbiu mwenzangu," Kindi akaita kutoka tawini. "Umetangaza vizuri kuliko mimi. Kesho nikuachie debe?"

Mbali, juu ya paa la Mama Pala, moshi wa chungu ukaanza kupanda, na Kindi alipouona, ile nusu ya mkia wake ikasimama wima.

Kisa changu kimefika nyumbani, na funzo lake ni hili: apelekaye habari penye hatari si kwamba haogopi, ila anajua kuna anayemngoja.