Matusi ya Kikoti

Neno la mtani haliazimwi. Mmelisikia leo msibani, wajukuu zangu, nanyi mnataka kujua lilikotoka. Sogeeni basi, lilizaliwa hukuhuku kwetu Ungoni.

Alikuja msomi mmoja wa chuo kikuu, Kokugonza, binti wa Kihaya. Utafiti wake ulikuwa juu ya maana: neno hupata wapi nguvu ya kuchekesha au kuumiza? Alikaa kwa Mama Tekla, akapendwa kama mtoto wa kuzaa.

Mume wa Mama Tekla akafariki. Mjane akakaa mkekani, hali wala hasemi, hata Kokugonza akaogopa atamfuata mumewe. Ndipo akaingia Kikoti, Mhehe, mtani wao, kajifunga kanga ya mfiwa, jembe begani, akamfokea marehemu.

“Mngoni mvivu wewe! Umeona mvua zinakaribia, ukaamua kufa usilime? Amka!”

Mama Tekla akacheka huku machozi yakimtoka. Akaomba uji.

Kokugonza akayashika maneno yale kama mtu aliyeonyeshwa dawa. Kesho yake, alipomwona mama ameinama tena, akasema mbele ya wanawake wote, “Mama, mzee alikuwa mvivu tu. Kafa akwepe jembe.”

“Mume wangu alikukosea nini, mwanangu?” Mama Tekla akajifunika uso. Wifi yake akainuka, akalitoa begi la mgeni nje.

Kokugonza akamkimbilia Kikoti. “Mzee, maneno ni yaleyale, masikio ni yaleyale. Kimebadilika nini?”

“Babu zako walipigana na Wangoni?”

“Hapana.”

“Wangu walichinjana nao. Walipochoka kuzika, wakapatana, wakabakiza utani.”

Msomi akafikiri. “Kwa hiyo ukimtukana, anasikia kwamba vita vimekwisha.”

“Na ukimtukana wewe?”

“Anasikia tusi,” akasema polepole.

Kikoti akamshika mkono, akaingia naye. “Wangoni! Mwizi wenu huyu hapa. Kaiba matusi yangu, na kuyatumia hajui!”

Mdomo wa Mama Tekla ukachezacheza. Kokugonza akapiga magoti, safari hii bila neno la kuazima.

“Pole, mama. Mzee alikuwa akinichagulia karanga zilizoiva vizuri, zilizoungua akila yeye. Leo nimezikaanga, sina wa kunichagulia.”

Mama Tekla akasogea, akamwachia nafasi mkekani. “Lete hizo karanga,” akasema. “Na begi lako lirudishe ndani.”

Basi mkimwona mtu anarukia mzaha ambao wazee wake hawakuugharimia, mwambieni taratibu: neno la mtani haliazimwi.