Chungu cha Mama Subilaga

Hapo zamani, zamani ya juzi tu maana hata mimi nilikuwapo, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi kando ya ziwa. Najua mmechoka, kutwa mlikuwa shambani. Nami nimechoka. Sikilizeni hii fupi mnisaidie kuiamua, kwani mwenzenu imenishinda.

Desturi yao ilikuwa hivi: mama wa nyumba akifa, chungu chake huvunjwa juu ya kaburi. Kisipovunjwa, walisema, ataendelea kupika huko aliko.

Mama Subilaga alipika. Alimpikia mume, akawapikia wanawe, akawapikia yatima wa shemeji zake. Uzee ulipomwelemea akauacha mwiko, na chungu kikawekwa pembeni.

Siku hizo alipita Bwana Kihwelo, mtunzaji wa makumbusho ya mkoa, akiomba vitu vya kila siku: vinu, nyungo, vibuyu. Watu walimcheka, wakamuuliza tangu lini masizi yakawekwa kwenye kabati la kioo. Tusekile, binti wa Subilaga, akamwonea huruma, akampa chungu cha mama yake. Alikitoa kitupu. Kijijini pale chombo kikitoka kitupu kimeazimwa. Cha kupewa hutiwa kwanza unga kiganja kimoja. Kihwelo alikuwa mgeni, hilo hakulijua. Akashukuru, akaenda zake.

Mama Subilaga akafa. Kabla ya kukata roho alimwambia bintiye, "Chungu changu msikisahau, mwanangu. Nimechoka kupika."

Tusekile akaenda makumbusho.

"Kaka, sikukupa, nilikuazima," alisema. "Nimemzika mama, na bado anapika. Kila nikiinjika sufuria naona aibu. Nirudishie nikamvunjie."

Kihwelo alikuwa mtu mwema, tena mwema wa kuchosha. Alimweleza jinsi alivyokikuta na ufa akauziba, na jinsi paa lilipovuja akakiokoa chungu kabla ya vitu vyake mwenyewe. Kisha akasema, "Dada, vyungu vyote vya zamani mmevivunja. Hiki ndicho kimebaki. Wajukuu zako watajuaje bibi zao waliishije?"

Tusekile akasema wajukuu watapika kwenye sufuria na hawatauliza.

Siku hiyo alikuwapo Atuganile, binti wa mfinyanzi aliyekifinyanga chungu chenyewe. Mama yake alikwishafariki kitambo. Akasogea karibu, akasema:

"Mama yangu alifinyanga maisha yake yote, na kazi yake yote imevunjwa makaburini kwa watu. Sikunung'unika. Ila hiki, ukikipindua, chini pana alama ya kidole gumba chake. Picha yake sina. Nikimkumbuka huja hapa, nikaweka kidole changu pale. Mama yako apumzike, dada. Wangu nitamtafuta wapi?"

Tusekile aliketi sakafuni kama mtu aliyetua mzigo kabla ya kufika. Kihwelo akakitoa chungu kabatini, akakiweka katikati yao. Alisema hana nguvu tena za kubishana, waamue wenyewe. Hakuna aliyekigusa. Atuganile alikuwa analia, na Tusekile naye.

Msinitazame mimi. Nimeligeuza jambo hili hadi usingizi umenikimbia. Semeni ninyi, mliopikiwa na mama zenu mkashiba: Je, chungu kile apewe nani?