Kahawa Tamu ya Bi Hidaya

Hapo zamani, huko Pemba, usiku ulisikika mlio mmoja tu: ngo! Majirani wakainua vichwa. Ulikuwa mchi ukigonga kinu nyumbani kwa Bi Hidaya, na katika nyumba ile iliki haikuwa imetwangwa tangu matanga ya mumewe.

Matangani kahawa hunywewa chungu. Hakuna asiyejua. Lakini mwanawe wa mwisho alitia maziwa, sukari na iliki, akawapa wageni kahawa tamu. "Ndiyo aliyoipenda baba," alisema. Wageni wakacheka. Bi Hidaya akatahayari, akamwonyesha mlango. Tangu siku ile hakulitamka jina lake, na nyumba nzima ikanywa chungu.

Miaka ikapita. Bi Hidaya akaugua, akakataa chakula. Akasema, "Atakayenirudishia hamu, dele la shaba, birika la kahawa la marehemu mama yangu, ni lake."

Jioni ya siku hiyo, aliyefukuzwa alirudi. Akakaa barazani, hakuvuka kizingiti. "Aliyenitoa ndiye atakayeniita," alisema. "Asiponiita, alfajiri naondoka."

Ndipo Batuli, dada yake, akachukua kinu.

"We Batuli, umerogwa?" kaka yao Msellem alinong'ona. "Mama atasikia!"

"Na asikie! Wewe koroga maziwa, uache kukoroga maneno."

Msellem akachutama jikoni. Moto mdogo, mwiko polepole. Maziwa yakapungua, yakawa mazito. Moto mdogo, mwiko polepole. Utando ukajikunja juu kama hariri. Wakatia sukari, wakatia iliki, kisha Msellem akamimina kahawa nyeusi. Weupe ukapanda ndani ya weusi kama mapambazuko, na harufu ikajaa hata pembe za dari. Wakasimama wima, kama walioingiliwa na mgeni mkubwa.

"Nani atampelekea?" Batuli aliuliza. Msellem akaurudia mwiko.

Mize, mke wa Msellem, akakishika kikombe. "Mnaogopa mlichokipika wenyewe?"

"Mke wangu, atakumwagia usoni!"

"Basi nitaoga."

Akaingia chumbani, wenzake nyuma yake. "Mama, hii ni ile kahawa ya matanga. Aliyeipika siku ile yuko barazani."

Bi Hidaya akakipokea kikombe kwa mikono miwili. Akanusa. Akafumba macho. Akanywa funda moja, akanywa la pili, akanywa la tatu.

"Dele langu ni la nani?" aliuliza.

"Langu, mama," alisema Batuli. "Nilitwanga nikijua utasikia. Ni harufu ya iliki iliyokurudishia hamu."

"Iliki bila maziwa ni ukali mtupu," alisema Msellem. "Siku ile nilicheka pamoja na wageni. Leo nimeungua vidole kwa ajili ya ndugu yangu."

"Kahawa iliyobaki jikoni haimponyi mtu," alisema Mize. "Waliogopa wanao wa kuzaa, nikaileta mimi mkwe."

Sauti ikatoka barazani: "Na mimi, mama, niliipika kwanza. Ikanigharimu nyumba yetu."

Dele ni moja, wenzangu, na mikono iliyonyooshwa ni minne. Je, nani alistahili? Semeni upesi, maana Bi Hidaya amemaliza kikombe, utando umemganda mdomoni wala haufuti, amegeukia mlango, anaita:

"Ingia, mwanangu. Ingia, Makame."