Kwa Nini Watoto wa Kwemaiza Hawasimami Kwenye Neno Geni

“Umeliruka.”

“Sikuliruka, shangazi. Nimelipita.”

“Kupita bila kuuliza ndiko kuruka. Lete hicho kitabu.”

Hoza alikikumbatia kitabu, lakini shangazi yake Mbiu, mtunza sanduku la vitabu, alikuwa amekwisha kukishika. Hayo yalikuwa zamani, wakati watoto wa Kwemaiza walipokuwa wakisoma vitabu vya Kiingereza kwa mwendo wa kinyonga. Mtoto akikutana na neno asilolijua, alitia jani la mhindi kwenye ukurasa, akafunga kitabu, akamngoja mwalimu. Na mwalimu alikuwa mmoja, akipanda mlima kila baada ya wiki mbili. Neno moja, wiki mbili. Hakuna aliyewahi kuujua mwisho wa hadithi yoyote, hata Mbiu mwenyewe.

Kitabu cha Hoza kilisimulia habari za mvulana aliyekuwa akimpeleka punda mgonjwa ng'ambo ya mlima. Neno geni lilikuwa ukurasa wa pili; jani la Hoza lilikutwa ukurasa wa ishirini. Alijaribu kungoja, akashindwa, maana punda alikuwa anakohoa. Mbiu akasema mwalimu atampima, na akikosa maana ya neno lile, hatagusa tena kitabu cha sandukuni.

Mwalimu alipofika, Hoza alieleza taratibu. Mara ya kwanza kitu kilichoitwa kwa neno hilo kilikuwa kimefungwa mgongoni mwa punda, Hoza akadhani ni kuni. Kisha mvulana akakiegemea akipanda, Hoza akadhani ni fimbo. Halafu mvua ikanyesha, mvulana akakifungua, akajibanza chini yake pamoja na kichwa cha punda. Mwili mwingine wote wa punda ukalowa. Mbele kidogo upepo ukakipindua, naye Hoza hakuwa na shaka tena.

“Ni mwavuli,” alisema.

Mwalimu akacheka polepole. Alikiri kwamba hata yeye maneno mengi aliyapata hivyohivyo, kwa kukutana nayo tena na tena, ila aliona haya kusema kwa jinsi watu walivyokuwa wakimngoja. Yalibaki maneno mawili ambayo Hoza hakuyajua bado. Mwalimu akamrudishia kitabu, akamwambia asome tu, yatarudi yenyewe. Hoza akakimaliza alasiri ile.

Na tangu siku hiyo, watoto wa Kwemaiza hawasimami. Neno geni wanalisalimu kwa kichwa tu, kama mtu usiyemjua unapopishana naye njiani, wakaendelea. Wakikutana nalo mara ya tatu au ya nne, limekwisha kuwa jirani. Wazazi nao hawamwulizi mtoto amejua maneno mangapi. Wanauliza kama alivyouliza Mbiu jioni ileile, alipokuja kwa kina Hoza akijifanya amefuata chumvi, akapewa chumvi, akafika mlangoni, akageuka:

“Mwanangu, hivi yule punda alifika?”