Hadubini Moja ya Chama cha Uyoga

Wewe unayetabasamu pembeni, funga mdomo kwanza. Hujasikia hata neno moja, umeshaamua ni uongo. Unadhani wanasayansi ni watu wa kukaa mijini tu na makoti meupe? Kule Lihangwa, milimani kwenye baridi, wapo kumi na tisa, na wana chama chao cha kuchunguza uyoga. Wana jarida linalotoka mara moja kwa mwaka, na wana hadubini moja. Moja! Desturi yao, kila mkutano wa mwaka, aliyefanya kazi kubwa kuliko wenzake anaichukua, anakaa nayo mpaka mkutano mwingine. Sikiliza basi.

Kati yao, Otmar alikuwa na macho: hakuna kilichoota ardhini asikione. Asteria, mhariri wa jarida, alikuwa na shaka; ukimwambia leo Jumatatu, anatafuta kalenda. Wendelin alikuwa na mdomo, tena mtamu, angemchekesha hata hakimu.

Mwaka mmoja uyoga uliua watu watano Lihangwa. Kolumba, katibu mzee wa chama, alimzika dada yake. Kwa hiyo mwaka uliofuata hakutaka hotuba. Alitaka jibu.

Otmar akaingia msituni na mvua ya kwanza, akapiga magoti kwenye matope wiki sita. Akagundua kwamba msitu ule una uyoga mweupe wa aina mbili, kofia zile zile, harufu ile ile. Ila ule unaoua una kifuko shinani, kimejificha udongoni. Wachumaji huukata juu, kifuko kinabaki chini. (Huo ni wa msitu ule tu, usije ukaenda kujichumia kwenu.) Akaandika makala.

Asteria akaisoma, akatazama picha, akavua miwani.

"Kaka Otmar, kifuko kiko wapi?"

"Kwenye maelezo, ukurasa wa pili."

"Nimekuuliza kwenye picha."

Hakikuwepo. Otmar, kwa usafi wake, alikuwa ameuosha uyoga na kuupunguza shina kabla ya kuupiga picha. Ingetoka vile, watu wangelinganisha vikapu vyao na ukurasa, wakaona ni ule usioua, wakala, wakafa. Asteria akalizuia jarida mpaka picha zikapigwa upya, udongo na vyote.

Lakini jarida halitembei lenyewe mpaka sokoni. Wendelin akalibeba, akakaa na wauza uyoga mwezi mzima, akiwabembeleza wauuze na shina lake zima.

"Baba, nani atanunua matope?" akauliza Mama Gaudensia, mwenye meza kubwa kuliko wote.

"Mama, mteja aliyekufa harudi kununua."

Mama Gaudensia akacheka mpaka akashika mbavu. Kesho yake meza yake ilijaa matope. Wenzake wakafuata, na aliyeleta uliokatwa akafukuzwa.

Mvua zikaisha. Hakuna kaburi hata moja la uyoga.

Siku ya mkutano walikula ugali kwa mchuzi wa uyoga, wakaongeza, bila mtu kuichungulia sahani yake kwa hofu. Kisha Kolumba akaweka hadubini mezani.

"Bila mimi msingejua kitu," Otmar akasema. "Tena zimebaki aina saba sijazitambua."

"Ungetuua na picha yako safi," Asteria akamjibu. "Nipeni mimi, nikague kila kitu kabla hakijachapwa."

"Mngebaki na jarida lenu kabatini!" Wendelin akadakia. "Nipeni niipeleke sokoni, akina mama wajionee wenyewe."

Kichwani mwake Kolumba aliwarudisha wote watatu kwenye mwaka wa msiba: akamwondoa Otmar, dada yake akafa. Akamrudisha, akamwondoa Asteria. Dada akafa tena. Akamwondoa Wendelin. Vile vile.

"Mimi nimechoka kuzika," akasema. "Chai yangu inapoa nje. Nikirudi nikute hadubini iko mikononi mwa mmoja. Na msije mkaikata vipande vitatu, nawajua."

Akatoka, akaubamiza mlango.

Haya, ninyi: ingekuwa wewe umebaki mle ndani, ungempa nani? Na kabla hujamtaja, tuambie kwanza ungethubutu kumkosa yupi mwaka ule.