Jiwe la Kifaru Lilivyopata Jina

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Sema wewe, masikio yetu yako wazi!

Palikuwa na bonde karibu na pwani, na katika bonde palikuwa na jiwe kubwa la mchanga. Mwaka huo mvua iligoma. Maji yalibaki kidimbwi kimoja tu, chini ya jiwe upande wa magharibi, na Kifaru alikilalia.

"Maji yametoka kwenye jiwe," akasema, "na jiwe nimelipa jina langu. Jiwe la Kifaru! Ondokeni!"

Bi Pimbi aliishi upande wa mashariki, ndani ya ufa. Wanawe wawili walikuwa na ndimi kavu kama majani. Kila siku alisikia maji nyuma ya ukuta, chwi, chwi, chwi, lakini kucha zake ndogo hazikufua dafu. Akamwendea Kifaru.

"Shikamoo, bwana mwenye jiwe."

"Marahaba. Maji sitoi."

"Sikuja kwa maji. Mgeni akikuuliza jiwe lako likoje, utamjibuje?"

"Ni kubwa."

"Hata Tembo ni mkubwa. Ndani je? Asiyejua ndani ataitwaje mwenyewe? Njoo huku mashariki, lilipo laini."

Kifaru akaona haya. Akaenda, akachimba kwa pembe. Kwaru, kwaru, kwaru!

"Kuna nini, bwana?"

"Mchanga mwekundu."

"Ahsante, bwana. Hilo koti tu. Ingia ndani."

Kwaru, kwaru, kwaru!

"Kuna nini, bwana?"

"Mchanga wa manjano, na makombe ya chaza. Kumbe bahari iliwahi kulala hapa!"

"Ahsante, bwana. Hilo shati tu. Ingia ndani."

Kwaru, kwaru, kwa... bubujiii!

Maji yakamrukia usoni, yakateremka bondeni. Swala wakaja, kobe wakaja, wana wa Pimbi wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma.

Kifaru akafumbua kinywa angurume, "Maji yangu!" Lakini bonde zima lilimtangulia: "Ahsante, Kifaru!"

Tangu azaliwe hakuna aliyemshukuru kwa jina lake. Akafumba kinywa. Masikio yakamsimama.

"Mnasemaje?" akauliza polepole.

"Ahsante, Kifaru!" akarudia Bi Pimbi, machozi yakimlenga. Alikuwa amemlaghai, ndiyo, ila ahsante hiyo ilitoka moyoni.

Basi jiwe likaitwa Ahsante Kifaru, naye akalitaja jina hilo kwa kila mpita njia, kisha akampisha anywe.

Funzo lake, wanangu: kuweni wachoyo sana, mtachimba visima.

Ngano yangu imefika ukingoni. Aliyeshiba anishukuru, mwenye kiu akamtafute kifaru wake.